Uchambuzi wa kisa: Ruzuku ya miezi mitatu kwenye shamba la mkonge Tanga

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha kweli na nilikuwemo ndani, mimi ndo nilikua mhariri wa kazi yenyewe. Nimetoa jina la wilaya, la kijiji, la kampuni, la mfadhili na la kila mtu, miaka pia nimeitoa, na vitu viwili vitatu vidogo nimevisogeza ili mtu wa kule akisoma asianze kunyooshea kidole jirani yake. Nawaandikia waandishi wenzangu wa mikoani ambao kila wiki kwenye magrupu tunarushiana matangazo ya ruzuku za kuchunguza wawekezaji wa nje, halafu mtu anajaza fomu usiku mmoja na anapata, na akishapata ndo anagundua hajui anaanzia wapi. Sisi tulikua watatu: mwandishi wa kujitegemea anayeishi Tanga mjini, dada mmoja mtangazaji wa redio ya jamii, na mimi.

Mazingira

Ukitaja Tanga kwa mfadhili wa nje, kichwani kwake linakuja bomba. Namuelewa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko upande wetu, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 na CNOOC ya China asilimia 8, zilizobaki wamegawana UNOC ya Uganda na TPDC yetu asilimia 15 kila mmoja. Ni stori kubwa na inastahili kuandikwa. Ila wanaoiandika ni wengi, wana mawakili, wana helikopta za kupigia picha, na sisi tulikua na pikipiki ya kukodi.

Mkonge hauna watu wa kuuandika. Na mkonge ndo uwekezaji wa nje wa zamani kuliko wote huku kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vimiche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika vizima 62 tu, vikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutokea hapo mashamba yakatambaa mkoa mzima. Watu wakaletwa kutoka mbali kuja kukata, ndo hao manamba, na wajukuu zao mpaka leo wanaishi kwenye kambi zilezile. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kama tani 230,000, baada ya Azimio la Arusha 1967 mashamba mengi yakataifishwa, bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba yakageuka pori, miaka ya 90 yakabinafsishwa. Na hapo katikati, wakati ni pori, watu walilima. Mihogo, mahindi, michungwa. Mtu kazaliwa hapo, kaoa hapo, kamzika babaake hapo, hajawahi kuona karatasi yoyote inayosema hapo sio kwao.

Sasa bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ikapanda tena, serikali ikaufanya mkonge zao la kimkakati, wawekezaji wakarudi. Kwenye shamba letu hili kampuni ya nje iliingia, matrekta yakaja, vitalu vilivyokua pori vikaanza kulimwa, na mihogo ya watu ikalimwa humohumo.

Tulivyoomba hela

Tangazo lilikua la taasisi ya nje isiyo ya kibiashara, inatoa ruzuku ndogondogo kwa waandishi wa Afrika wachunguze uwekezaji wa kigeni na athari zake kwa wenyeji. Ziko nyingi za namna hii, Chuo Kikuu cha Wits kule Johannesburg kina mradi wake wa uandishi wa mahusiano ya Afrika na China tangu 2009, na hapa nyumbani TMF, mfuko wa kusaidia vyombo vya habari, ilianza kusaidia waandishi 2008, kwaiyo sio kitu kigeni. Hii yetu ilikua dola 4,000 kwa miezi mitatu, asilimia 60 mwanzoni na 40 baada ya stori kutoka.

Fomu ilikua na swali moja ambalo nataka ulikumbuke: "Uchunguzi wako utabainisha nini?" Na sisi tukajibu. Tukaandika kwamba utabainisha jinsi mwekezaji wa nje alivyopora ardhi ya wanakijiji kwa kushirikiana na maafisa. Wakati tunaandika hivo mwandishi alikua kaenda kijijini mara moja tu, kaongea na watu sita, wote wenye hasira na wote wana haki ya kuwa na hasira, ila karatasi hata moja hatujaishika. Tuliandika hivo kwa sababu tuliona ndo kitu kitakachopita. Na kilipita.

Bajeti tuligawa hivi: mwandishi 1,200, usafiri 900, malazi na chakula 500, mtangazaji 500, mhariri 400, wakili wa kusoma kabla ya kuchapisha 200, makaratasi 150, dharura 150. Ukiisoma haraka iko vizuri tu, na mfadhili hakubadilisha mstari hata mmoja.

Mwezi wa kwanza: mmekuja na semina gani?

Kutoka stendi ya Kange unapanda Coaster, unashuka barabarani, unachukua boda mpaka kambini. Siku ya kwanza mwandishi na mtangazaji walifika wakakuta watu wamekaa chini ya mwembe, mzee mmoja akauliza, "Mmekuja na semina gani?" Maana kule mtu wa mjini akija na daftari maana yake kuna semina, na semina ina posho. Walipoeleza ni waandishi, yule mzee akasema kile kitu watu wa Tanga tunakijua, "Aa, waja leo waondoka leo." Wengine walicheka lakini yeye alikua anasema kweli kabisa, walishakuja wengi, wamepiga picha, hawakurudi hata mmoja.

Hapo tukabishana sisi wenyewe. Msimamo wangu ulikua wazi, hatumlipi mtu kwa maneno yake, maana ukimlipa leo kesho kampuni itasema mmenunua ushahidi na itakua imesema kweli. Mtangazaji hakukataa hilo ila akauliza swali ambalo sikua na jibu lake. Kuna mama mmoja anaanika singa pale shambani, analipwa kwa siku aliyofanya kazi, tukimkalisha asubuhi nzima tumemla siku yake, nani anairudisha? Mwandishi yeye analipwa dola 1,200. Tulikubaliana hivi: maongezi yote yafanyike baada ya kazi au Jumapili, nauli ya mtu aliyetoka mbali irudishwe na chakula tule pamoja, na kila senti iandikwe kwenye daftari lenye sahihi. Naona ulikua uamuzi sahihi mpaka leo. Uliongeza siku, maana kumsubiri mtu amalize kazi saa tisa alafu akapike ndo mwongee kunamaanisha unalala hukohuko.

Daftari hilo lilikuja kutuokoa kwa njia nyingine. Mfadhili alitaka risiti kwa kila matumizi, na hakuna boda wa kambini anayetoa risiti ya mashine (EFD). Tulimwandikia mapema, kabla hela haijaisha, tukamweleza dereva anasaini kwenye daftari, jina, tarehe, kutoka wapi mpaka wapi, kiasi. Akakubali kwa maandishi. Wenzetu wengi hili wanaliacha mpaka siku ya ripoti ya mwisho na wanaishia kulipa mfukoni mwao.

Yule mama mwanika singa alikuja kuwa chanzo chetu kikubwa. Yeye yuko pande zote mbili, mchana anafanya kazi kwa kampuni, jioni analima mihogo kwenye kitalu chenye mgogoro. Alitueleza jinsi vibarua walivyoambiwa kwa mdomo kwamba anayetaka kuendelea kuitwa kazini asionekane kwenye vikao vya ardhi. Alisema jina lisitoke. Tukamwahidi.

Makaratasi yaliposema kingine

Mwandishi alianza na BRELA, wakala wa serikali wa kusajili makampuni, ambako siku hizi unaweza kutafuta kampuni kwa mtandao ukalipia taarifa zake. Hapo tukapata cha kwanza kilichotusimamisha: mwekezaji hakununua ardhi. Alinunua hisa. Kampuni yenye hati ya shamba ni ileile ya zamani, kilichobadilika ni nani yuko nyuma yake. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 mgeni hamilikishwi ardhi isipokua kwa ajili ya uwekezaji na kuna utaratibu wake, ila hisa zikibadilika mikono mjini hakuna mkutano wa kijiji unaoitishwa, wanakijiji wanakuja kujua siku trekta limefika.

Cha pili ni ofisi ya ardhi. Tulifanya sechi ya hati, yaani kupekua kumbukumbu zake, na ramani ya hati ikaonyesha vile vitalu vyenye mgogoro viko ndani ya shamba tangu zamani. Na hati yenyewe ilikua imewekwa rehani benki.

Cha tatu alikitoa yule mzee wa waja leo, baada ya mwandishi kurudi mara ya nne. Alimpeleka kwa miguu akamuonyesha bikoni, zile alama za mpaka za zege, zimefunikwa na majani. Zamani kidogo, kabla ya mwekezaji wa sasa, mwenye shamba alikubali kumega ekari kadhaa wapewe kijiji, wapima wakaja wakaweka bikoni, mkutano ukafanyika watu wakapiga makofi, basi. Hati haikurekebishwa. Kwaiyo ardhini kuna mpaka mmoja na kwenye karatasi kuna mwingine, na benki imeshikilia karatasi.

Cha nne kiliuma zaidi. Halmashauri ya kijiji ilishaanza kugawa hilo eneo lililomegwa, na sehemu nzuri nzuri walipewa watu wa mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka ugawaji upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari tuliopata ulikua na orodha ndefu ya mahudhurio, mwandishi akaanza kupita nyumba kwa nyumba, watu kadhaa wakasema hawakuwepo siku hiyo, na nyumba moja akaambiwa huyo unayemuuliza tulishamzika kabla ya tarehe hiyo.

Sasa pima hayo na tulichoandika kwenye andiko la kuombea ruzuku. Uporaji upo, ila mporaji sio yule mmoja tuliyemtaja. Kuna kampuni inayolima ndani ya mpaka wa karatasi wakati inaziona bikoni, kuna ofisi iliyopima bila kumaliza kazi, kuna viongozi wa kijiji waliouza. Na walioumia ni walewale wa kambini.

Tulimwambia mfadhili

Tulibishana siku mbili. Mwandishi aliogopa, na alikua na sababu, ile asilimia 40 ilikua bado na mkataba ulisema stori itolewe "kama ilivyoelezwa kwenye andiko". Kulikua na wazo la kutimiza tulichoahidi, kuandika habari ya kampuni tu, na haya mengine yaje kuwa stori ya pili siku nyingine. Nililikataa. Stori ya pili huwa haiji, na wanakijiji wangeisikia ya kwanza wakaamini kwamba ukimtoa mwekezaji tatizo limeisha.

Tena tulikua na mfano karibu, hapo Bagamoyo. Mradi wa miwa wa kampuni za Sweden kwenye lile eneo la Razaba, hati ikafutwa 2016, wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa ICSID, na 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100. Sisemi magazeti ndo yalisababisha. Nasema kwenye ardhi na wawekezaji, stori yenye nusu ya ukweli inaweza kusukuma uamuzi ambao bili yake inakuja kulipwa na walipa kodi, pamoja na yule mama wa singa kila anapolipia sabuni.

Tukaandika kurasa mbili: tuliahidi hivi, tumekuta hivi, karatasi ni hizi, tunaomba kubadilisha swali la uchunguzi na tunaomba wiki tano zaidi. Mratibu wa mwanzo wa mfadhili alijibu kwamba stori imepoteza nguvu na wasomaji wao wanatarajia habari ya mwekezaji. Tulimjibu kwa kumtumia ramani mbili, ya hati na ya bikoni, moja juu ya nyingine. Baada ya siku kumi mhariri wao mwingine akakubali, ila muda akatoa wiki tatu na hela haikuongezeka.

Pale ofisi ya wilaya tulikua tumeshapeleka ombi la taarifa za upimaji kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inawapa siku 30 za kujibu. Tulilipeleka wiki ya sita. Kosa hilo ni letu sisi, lilitakiwa kwenda wiki ya kwanza, hata kabla hela haijaingia, kwa sababu ombi halina gharama ya maana. Hesabu mwenyewe, ruzuku ya siku 90, sheria inampa mwenzako siku 30, mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu. Mfadhili na kijiji wanatumia kalenda mbili ambazo hazikutani popote.

Kampuni ilivyojibu

Tuliwapa siku 14, maswali kumi na moja, kwa barua yenye muhuri na imeili. Meneja alipiga simu akamkaribisha mwandishi shambani, akasema atatuma gari na mafuta yako juu yao. Mwandishi akaenda na boda wake. Alipewa chai akanywa, alipewa bahasha akairudisha palepale mezani na akaandika kwenye daftari saa na nani alikuwepo.

Nawaomba wenzangu msichukulie hatua hii kama kutimiza wajibu tu. Majibu ya kampuni ndo yalifungua kilichokua kimefungwa. Walileta stakabadhi za kodi ya ardhi, halafu wakaleta ushahidi wa malipo mawili waliyotoa kwa kijiji kwa ajili ya madarasa. Mwandishi akarudi kijijini kuuliza, daftari la mapato la kijiji halikua na malipo hata moja kati ya hayo, na madarasa hayapo. Bila kuwauliza kampuni kwa heshima tusingejua kabisa. Kuhusu bikoni walijibu kwamba wanafuata hati. Kuhusu vibarua kuzuiwa vikao walikanusha, na tuliandika kwamba wamekanusha.

Kurusha

Mkataba ulitaka stori itoke kwanza kwa Kiingereza kwenye jukwaa la mfadhili, Kiswahili baadae. Mtangazaji aligoma. Alisema watu wa kambini watasikia habari yao kutoka kwa mtu wa Dar aliyetafsiri wasap, na itawafikia imeshaharibika. Tukaomba zitoke siku moja, mfadhili akakubali, na redio ikarusha asubuhi saa moja, masaa machache kabla ya Kiingereza. Kipindi kilikua cha nusu saa, kikarudiwa mara tatu wiki hiyo.

Wakili alisoma kila neno kabla, zile dola 200 ni hela iliyofanya kazi kuliko zote kwenye bajeti. Alitoa sentensi nne tu, zote tulizokua tunazipenda.

Ila kabla ya kipindi kuna promo. Sekunde 40 za kuvutia wasikilizaji. Mtu wa studio aliyeikata hakuwepo kwenye kikao chetu hata kimoja, akapita kwenye mafaili akachagua sauti iliyomgusa zaidi, na iliyomgusa ilikua ya yule mama. Jina hakutaja. Sauti hakuibadilisha. Ndani ya kipindi kizima tulikua tumemsomea maneno yake kwa sauti ya mtangazaji, vizuri kabisa, kama tulivyoahidi. Promo ikaruka siku mbili mfululizo na hakuna kati yetu watatu aliyeisikia, mwandishi alikua Tanga anamalizia Kiingereza, mimi nilikua safarini, mtangazaji anaumwa.

Kilichotokea

Mkutano mkuu uliofuata ulijaa watu mpaka nje. Wakadai daftari la mapato lisomwe, likasomwa, hayo malipo mawili yakaulizwa mbele ya mtendaji. Wilaya ikaunda kamati, afisa ardhi akaja, bikoni zikafukuliwa na kupigwa rangi. Kampuni imesimamisha kulima upande ule wa bikoni mpaka suala la hati limalizike, na benki nayo ikaulizwa. Wawili kati ya waliogawiwa ardhi kutoka mjini wamerudisha. Hati bado haijarekebishwa mpaka naandika hapa.

Yule mama hakuitwa tena kazini. Hakuna aliyemfukuza, kibarua hafukuzwi, jina linaacha tu kusomwa asubuhi. Alimpigia mtangazaji siku ya nne akamwambia, "Mwanangu, sauti yangu naijua." Hakugombana. Nimeshapokea lawama nyingi kwenye kazi hii, za maafisa, za makampuni, za wahariri, sijawahi kukosa usingizi kama kwa hiyo sentensi.

Tulitafuta namna. Zile dola 150 za dharura zilikua zimeshakwenda kwenye boda. Mfadhili akasema kanuni zake hazina kifungu cha kusaidia chanzo, na asilimia 40 iliyobaki ilichukua wiki saba kufika, mwandishi katikati hapo alikopa kwenye kikoba cha dada yake. Ilipofika tukachanga watatu tukampelekea mtaji wa kuuza samaki wa kukaanga. Kama hiyo ni kumlipa chanzo basi tumemlipa, kwa maana maneno yake alishayatoa bure na yakamgharimu.

Tunavyoiona saivi

Kilichofanya kazi zaidi ni kurudi. Mara ya nne ndo mzee alitoa bikoni, sio kwa sababu maswali yalikua mazuri kuliko ya mwanzo, ila kwa sababu mwandishi alikua amevunja ile waja leo waondoka leo. Na bajeti yetu ilikua imepanga safari tatu. Safari zilizobaki zote zilitoka kwenye hela ya mwandishi mwenyewe, maana yake stori ililipiwa na mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye mnyororo. Siku hizi nikisaidia mtu kuandika andiko naanza na safari saba.

Andiko lenyewe ndo lilikua kosa la kwanza na la mbali. Wafadhili wanauliza utabainisha nini, na njaa inakufanya ujibu kama umeshabainisha. Nimeshaandika maombi mawili tangu hapo na kwenye swali hilo nimejibu kwa maswali matatu ninayoenda kuyatafutia jibu, karatasi ninazozitafuta na zinapatikana ofisi gani, na nitafanya nini nikikuta sivyo. Moja lilipita, moja halikupita. Nakubali kukosa moja.

Kuhusu ukubwa wa hela sikubaliani na wanaosema dola 4,000 ni ndogo haiwezi kuchunguza kitu. Fund for Investigative Journalism ya Marekani ilipoanza 1969 ilimpa Seymour Hersh dola 250 tu za kuanzia kufuatilia mauaji ya My Lai kule Vietnam. Kilichomsaidia ni kwamba ilikuja mapema, wakati hajajua atakuta nini. Bora dola 500 za kwenda kutazama kwanza, halafu zingine baada ya karatasi kuonekana, kuliko 4,000 zilizofungwa kwenye hitimisho. Nimeliandika hili kwa mfadhili wetu kwenye ripoti ya mwisho na wamesema watalifikiria.

Na kuhusu kulinda watu. Sisi tulifikiri kumficha mtu ni kuficha jina. Kijijini jina ndo kitu cha mwisho watu wanachohitaji ili wakutambue, wanakutambua kwa kikohozi, kwa kanga, kwa kuku aliyelia nyuma ya rekodi. Tulipaswa kuandika kwenye karatasi moja nani haruhusiwi kusikika wala kuonekana na kuibandika studio, kila mtu anayegusa faili aisaini, kuanzia mhariri mpaka anayekata promo. Sauti ya asili ya mama ilitakiwa isiwepo kabisa kwenye kompyuta ya redio, tulishaiandika maneno, kazi yake ilikua imeisha. Hilo lilikua jukumu la mhariri, kwaiyo ni langu.

Bajeti ya sasa ina mstari unaitwa "baada ya kurusha", asilimia 10, haiguswi mpaka miezi mitatu ipite tangu stori itoke. Mfadhili mmoja ameukubali, mwingine ameufuta bila maelezo.

Promo tuliiondoa kwenye ukurasa wa redio siku ileile mama alipopiga. Mwezi uliopita mwandishi alienda kufuatilia hati, akapanda boda pale barabarani, na yule kijana dereva akamuonyesha kwenye simu yake klipu ya sekunde 40 aliyotumiwa kwenye grupu, akamuuliza, "Hii umeisikia, kaka? Huyu mama anauza samaki pale mbele."